Mimi nilishika ncha ya pili ya kamba

Kamba tunayokimbia nayo mi na mpwa wangu, ambae haoni, si kamba, ni kipande cha leso. Tulianza na ya usumba, ile ya kufungia boti, ikamchubua mkono siku ya kwanza tu. Tukajaribu ya nailoni, jasho likiingia inateleza. Marehemu mama yangu, ambae ndo bibi yake, alikuwa kaketi barazani anatuangalia tunavyohangaika, akasema ndooni hapa, akaingia ndani akatoka na leso yake kuukuu, akaianza kwa meno akaichana kwa mikono, kipande cha shibiri moja na kidogo, akakifunga vitanzi viwili, kimoja cha mkono wake kimoja cha wangu. Aliichana pale penye jina la leso, kwa hivyo kuna herufi tatu zimebaki, NGU, na mwenyewe alikuwa hakumbuki lilikuwa jina gani. Imefuliwa mara sijui ngapi, na haijakatika.

Naandika haya manake kila ikija Olimpiki au Paralimpiki, ile ya watu wenye ulemavu, watu wanatumiana hadithi za wanariadha waliotoka kwenye shida mpaka wakavaa medali, na huwa zinasimuliwa kama vile mtu aliamka siku moja akaamua, bas, akashinda. Nazipenda sana hizo hadithi na zimenitoa mahali pagumu. Lakini mi nimekaa upande wa pili wa kamba miaka sita, na kuna vitu vinaonekana huku ambavyo sivisikii vikisemwa.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu mkubwa, amezaliwa na kukulia hapa Amu, yaani Lamu, upande wa Langoni. Alikuwa anacheza winga, mbio zake watu wanazijua. Alipofika kidato cha pili akaanza kugongana na punda. Wanaoijua Amu wanajua mitaa yetu, vichochoro vyengine watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu, na punda ndo gari zetu, kwa hivyo kugongana na punda mara moja moja si ajabu. Yeye ikawa kila siku. Punda akiwa mbele anamuona vizuri kabisa, akitokea pembeni hamuoni mpaka wameshagongana. Uwanjani mpira ukija kutoka ubavuni unampita. Sisi tukamcheka. Mi mwenyewe nilimcheka, nikamwambia wewe unaota mchana, na hilo mpaka leo linaniuma.

Akapelekwa mahali akaandikiwa miwani. Akaivaa mwaka mzima na zaidi, hali inazidi, tukarudi akabadilishiwa miwani nyingine. Hakuna aliyempima presha ya macho. Tulipokuja kuamua kumpeleka Mombasa, boti mpaka Mokowe, kisha bas na askari wa kusindikiza, Witu, Garsen, Malindi, siku nzima barabarani, daktari alimpima kwa dakika chache tu akaniangalia mi badala ya kumuangalia yeye. Akasema ni presha ya macho, inaua mshipa wa nyuma ya jicho, mara nyingi inaanza kula pembeni, mara nyingi haiumi, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Akauliza kama kwetu kuna mtu aliyepofuka. Nikakumbuka mjomba wake mama, alikufa haoni, na sisi miaka yote tulisema ni uzee, wengine wakisema ni jicho la hasidi. Daktari akasema huu ugonjwa unatembea kwenye ukoo, nyote mkapimwe. Nilipimwa, na mi ninayo, bado mapema, kila usiku natia dawa ya matone. Kama kwenu kuna mtu macho yalimwisha polepole bila maumivu nakusihi nenda ukapimwe presha yenyewe, usikubali kuandikiwa miwani tu ukarudi nyumbani.

Kijana alibakiwa na mwanga kidogo, anajua mlango uko wapi mchana kwa ule weupe wake, bas. Akarudi Amu akakaa ndani mwaka mmoja na nusu. Hakulia mbele yetu. Alikuwa analala. Dada alikuwa akimpelekea chakula anakula, akimwambia oga anaoga, na hiyo utiifu wake ndo ilikuwa inatutisha zaidi, manake hakuwa mtoto wa kutii hivo.

Mombasa tulikuwa turudi kliniki kila miezi mitatu. Siku moja nesi mmoja pale, mama wa makamo, akamwambia wewe na hiyo miguu, hujamsikia Henry Wanyoike? Akamueleza. Mtu wa Kikuyu, alikuwa mkimbiaji kijana anachipukia, mwaka 1995 akapata kiharusi usiku mmoja akaamka macho karibu yote yamekwenda. Akakata tamaa miaka, akapelekwa Machakos kwenye chuo cha wasioona akajifunza kufuma sweta. Halafu mwaka 2000 akaenda Sydney kwenye Paralimpiki, mita 5000, akachukua dhahabu. Nesi alivyomaliza alikuwa anasubiri mpwa wangu aseme labda inshallah na mimi. Yeye akauliza, "Alikuwa anashikwa na nani?"

Mi hilo swali nilitoka nalo pale hospitali nikapanda nalo bas. Kila mtu anauliza alishinda vipi, mtoto ambae haoni yeye anauliza alishikwa na nani. Usiku tumelala Malindi kwa jamaa nikaanza kutafuta kwenye simu, nikakuta kwamba kule Sydney kiongozi wake ndo aliishiwa nguvu mwishoni kabisa, na Wanyoike ambae haoni ikawa yeye ndo anamvuta anaeona mpaka mstarini. Baadae akakimbia na Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni, wakaenda Athens 2004 akarudi na dhahabu mbili, 5000 na 10000, na mwaka wa pili yake Hamburg akakimbia marathoni nzima kwa saa 2 na dakika 31. Nikamsomea yote. Akanyamaza, nikadhani kalala. Kisha akasema, "Mjomba, wewe unaamka saa ngapi?"

Mi ni mtu wa boti, navusha abiria Amu na Mokowe. Naamka saa 10 na nusu. Akasema basi tuanze saa 11, baada ya swala.

Siku ya kwanza nilimuumiza. Nilidhani kazi yangu ni kumvuta, kumbe kumvuta ndo kosa lenyewe, hata kwenye sheria za mashindano kiongozi haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mwanariadha, anaelekeza tu. Tulipita Usita wa Mui mbio za polepole, mimi macho yangu yako mbele kwenye mkokoteni wa hamali, nikakwepa, yeye mguu wake ukaingia kwenye baraza, ngozi ya ugoko ikatoka kama ganda la muhogo. Akakaa chini akashika mguu na hakusema kitu. Nikamwambia turudi nyumbani. Akasema, "Uliuona mkokoteni. Mbona hukuniambia?"

Hapo ndo nikaanza kujifunza kusema. Unafikiri kusema ni rahisi. Ukisema "mtaro" wakati mguu wake uko hewani umeshachelewa, lazima useme hatua tatu kabla, na useme neno moja tu. Tukatengeneza lugha yetu. "Ngazi" ni kupanda, "shuka" ni kuteremka, "punda kulia", "punda kushoto", "bana" ni kichochoro chembamba, njoo nyuma yangu, "wazi" ni hakuna kitu mbele, funguka. Hilo neno wazi wallahi ndo tamu kuliko yote, nikilisema nasikia bega lake linalegea. Na baada ya miezi nikajifunza kitu kigumu zaidi, kunyamaza, manake mtu akielezwa kila jiwe anachoka kichwa kabla ya miguu. Yeye mwenyewe alishaijua mitaa kwa harufu na sauti, hapa mkate wa mofa, hapa hospitali ya punda, hapa upepo wa pwani unaingia kwa hiyo kuna uchochoro wazi upande wa bahari.

Mbio zenyewe za kufunguka tunakwenda kukimbilia ufuo wa Shela, na hapo mtu wa bara hatonielewa lakini wenzangu wa pwani watanielewa. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, alfajiri maji yako juu yamekula mchanga wote mgumu, yakija kupwa ni saa 4, saa 5 jua linaunguza na mi niko kazini. Siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, ndo alfajiri inakuta maji yamepwa kiasi, kuna njia ya mchanga mgumu, laini juu na imara chini, hakuna mtaro hakuna punda hakuna baraza. Kwa hiyo ratiba yetu haikutoka kwa kochi, ilitoka kwa mwezi. Wiki ya bamvua ngazi na vichochoro, wiki ya maji mafu kasi. Mwezi wa Ramadhani tunakimbia kabla ya magharibi, koo limekauka, tunafika nyumbani adhana inalia, na nakumbuka dada alikuwa anasimama mlangoni na tende mkononi anampa mwanawe kwanza kisha mimi, wote tuna mchanga mpaka magotini.

Nilikuwa navuta sigara. Kiongozi lazima awe na mbio kuliko anaemuongoza, manake yeye anakimbia na anaangalia na anasema, pumzi zinakwenda mara tatu. Miezi minne ndani ya mazoezi yule kijana akaanza kunisubiri, nasikia kamba inanivuta mbele. Nikaacha sigara. Sikuacha kwa nasaha za mtu, niliacha kwa sababu mtoto wa dada yangu alikuwa anapunguza mwendo kwa ajili yangu na hasemi.

Tangu hapo nikisoma hadithi za wanariadha huwa natafuta mkono mwengine uko wapi, na karibu kila mara naupata. Lopez Lomong, yule mtoto wa Sudan Kusini aliyetekwa ana miaka 6, watu wanasimulia vile alikaa Kakuma miaka 10, vile 2008 akabeba bendera ya Marekani pale Beijing. Ukisoma vizuri kuna vijana watatu wakubwa kidogo kuliko yeye waliomtoa usiku kwenye ile kambi ya watekaji wakakimbia nae mpaka wakaingia Kenya. Wilma Rudolph, mama wa Kimarekani aliyepata polio utotoni akavaa chuma mguuni, kisha Rome 1960 akachukua dhahabu tatu, nyumbani kwao mama yake na ndugu zake walikuwa wanamkanda ule mguu mara nne kwa siku. Mara nne! Mi najua kuamka mara moja tu kwa siku kwa ajili ya mwili wa mtu mwengine kunavyochosha. Na Samwel Mushai wetu, dhahabu ya mita 1500 London 2012 na tena Rio 2016, upande wa pili wa kamba alikuwa James Boit. Wakati Nancy Chelangat Koech anapata shaba Tokyo tulikuwa tunasikiliza kwenye simu botini, na mpwa wangu kitu cha kwanza aliuliza kiongozi wake ni nani, ni Geoffrey Rotich, akalirudia hilo jina kama mtu anaeweka akiba.

Shindano letu la kwanza lilikuwa dogo, la mtaani tu, na msimamizi alivyoiona leso akasema hiyo kamba ni udanganyifu, kama hawezi kukimbia peke yake asikimbie. Nilitaka kugombana. Mpwa wangu akasema tukimbie nyuma yao, wasituhesabu. Tukakimbia nyuma yao hatukuhesabiwa na tulipita watu sita.

Lakini la Mombasa ndo nataka kulieleza sawasawa, kwa sababu kosa lilikuwa langu na nimelibeba. Lilikuwa shindano la watu wenye ulemavu, mita 1500, kundi la wasioona kabisa. Wote wanafunikwa macho ili mwenye mwanga kidogo asimzidi mwenzake, na nilivyomfunga kile kitambaa akashtuka, akanishika mkono kwa nguvu, manake ule weupe kidogo ndo alikuwa anautumia kujua jua liko upande gani. Nikamwambia niko hapa. Tukaanza taratibu, wa nne, wa tatu. Mzunguko wa mwisho nikasema "wazi", akafunguka kama siku za Shela. Mita mia ya mwisho tukawa wa pili, tukamshika yule wa mbele, tukampita, nauona mstari, na mi mwili wangu wenyewe ukatoa kifua mbele.

Sheria inasema mwanariadha lazima akate mstari kabla ya kiongozi wake. Niliisoma. Niliijua. Tuliijadili kwenye bas.

Yeye alikuwa amenyanyua mikono juu, kile kitambaa bado kiko machoni, anacheka, anauliza, "Tumempita? Tumempita?" Na mimi namuona mwamuzi ananyanyua bendera. Sijawahi kusema neno gumu kama nililosema pale. Nikamwambia, "Nimetangulia mimi. Wametutoa."

Hakusema kitu mpaka Garsen. Pale abiria wameshuka kunyoosha miguu, yeye hajashuka, akasema taratibu kabisa, "Wewe unauona mstari, mjomba, mi siuoni. Ulitaka kushinda wewe." Nilitaka kukataa. Nikaangalia ndani ya nafsi yangu nikakuta ni kweli. Miaka yote watu walikuwa wananisifu pwani pale, mashallah unamsaidia mtoto, na kumbe kuna mahali ndani nilikuwa nishaanza kuona zile mbio ni zangu na yeye ndo mzigo ninaokimbia nao.

Wiki mbili hakuja. Nilikuwa naamka naswali naenda kukaa kwenye ngazi za kwao mpaka kunapambazuka kisha naenda kazini. Wiki ya tatu mlango ukafunguka akatoka na leso imefungwa tayari mkononi kwake, akanyoosha kitanzi cha pili, nikakivaa. Akasema leo utakimbia nusu hatua nyuma. Tukaenda Shela, nikachora mstari kwa kisigino kwenye mchanga, tukaukata ule mstari mara 40 nahesabu, mpaka maji yalipoanza kuufuta nachora mwengine. Aliniambia atajua kwa kamba: ikilegea mkononi mwake mwishoni mi niko nyuma, ikimvuta nimetangulia. Mara ya 40 ililegea.

Mwaka uliofuata tulimaliza wa pili pale pale, na tukahesabiwa. Hajafika Paralimpiki. Nauli peke yake imetuzuia mara mbili, mara moja tulikosa kwa elfu tatu tu na nilikuwa nishauza simu. Raba zake za mbio alinunuliwa na abiria wangu, mama muuza samaki wa Mokowe, alimwambia nilipe kwa kukimbia. Kila nikisikia mtu anasema ulemavu ulimshinda fulani namkumbuka huyo mama na ile elfu tatu.

Mimi sasa nina miaka 43 na goti la kushoto limeanza kusema. Mwezi uliopita alinipa habari kwa adabu zote, mjomba nakuheshimu, lakini nikiwa na wewe siwezi kushuka chini ya dakika 4 na nusu. Nilijua. Nikamtafutia kijana mmoja wa Matondoni, mwanafunzi, mrefu, mpole, ana mapafu ya mpiga mbizi. Nimemfundisha maneno yote, ngazi, shuka, bana, wazi, na nimemsimulia lile la kifua mara mbili.

Jumamosi ilikuwa maji mafu, tukaenda Shela watatu. Kitanzi changu kilikuwa kidogo kwa mkono wa yule kijana. Fundo lilikuwa ni lile lile alilofunga mama, halijafunguliwa hata siku moja tangu ile ya barazani, chumvi na jasho vimelifanya gumu kama kokwa. Nikalifungua kwa meno. Ilinichukua muda, wote wawili wamesimama wananingoja hawasemi. Nikafunga jengine, kubwa kidogo, nikamvisha.

Mpwa wangu akanyoosha mkono akalipapasa.

"Hili si la bibi."

Nikamwambia, "Silo."

Akalivuta mara mbili kulipima. Maji yalikuwa yameanza kurudi, nikawaambia waondoke kabla mchanga haujaliwa.